Wa Juu Ndiye Macho

Verlon Hatchett aliificha miguu yake majira yote ya baridi, na mficha maradhi, kama wasemavyo, kifo humuumbua. Ila kwa Verlon kifo kilikuwa kimeshapita nyumbani mwezi wa kumi na moja, kikamchukua mkewe Oleta, na hakikuonekana kuwa na haraka ya kurudi. Kilichomuumbua ni kaa la moto. Liliruka kutoka kwenye jiko la kuni likatua juu ya kidole chake cha mguu, na binti yake Retha, aliyekuwa amekuja kumjulia hali, ndiye aliyesikia harufu ya soksi inayoungua. Baba mtu alikuwa ameketi palepale, anakunywa kahawa.

Daktari alisema ni sukari, imeua mishipa ya fahamu. Ganzi ilikuwa imefika kwenye vifundo vya miguu na huenda ingepanda zaidi. Retha huendesha basi la shule huko Springfield, kwa hiyo amezoea kuwaamulia mambo watu wanaopiga kelele. Alisema basi, baba atahamia kwake, chumba cha nyuma kipo wazi. Verlon hakupiga kelele. Alisema tu kwamba marehemu babake alikuwa mmoja wa waliomwaga saruji ya lile bwawa la umeme la mtoni kwao, kwamba yeye mwenyewe amevua samaki aina ya trauti chini yake tangu meno ya utotoni, na kwamba wa kuhamishwa ni mtu asiyeweza tena kuingia mtoni, naye si huyo. Walibishana kwa simu mpaka Februari ikaisha. Mwishowe wakaafikiana hivi: likizo ya shule ya mwezi Machi Retha angekuja, nao wangeingia majini pamoja. Verlon akiingia na kutoka kama mtu anayejua anachokifanya, abaki nyumbani kwake. Akishindwa, afunge virago.

Jambo ambalo Verlon hakumwambia, kwa sababu hakujua lingesemwaje, ni kwamba ganzi haikuishia miguuni. Siku ya mazishi alipeana mikono na watu kama bawabu wa hoteli. Hakulia siku ile, wala wiki ile, wala Krismasi. Angekuwa na huzuni angeitambua, maana huzuni ina uzito, mtu huibeba na kuchoka. Hii haikuwa na uzito wowote. Aliamka, akavaa, akakaa. Akina mama wa kanisani walimletea vyakula katika mabakuli yao ya kioo, kila bakuli limebandikwa jina la mwenyewe chini, na bonde zima linajua kwamba bakuli la msiba hurudishwa tupu, limeoshwa, tena kwa mkono wa aliyepelekewa, ndipo watu wajue kwamba ameanza kula. Verlon aliyatia yote kwenye friza na chakula chake ndani. Retha aliyakuta huko mwezi Machi, yamepangana na kuganda, akayaosha na kuyarudisha mwenyewe nyumba kwa nyumba, uso umemshuka kwa aibu. Akamgombeza babake. Verlon alisikiliza, akakubali kwamba amekosea, akauliza kama kuna kahawa iliyobaki.

Sasa, mto ule si mto wa kupanda kwa mvua na kushuka kwa ukame kama mito aliyoiumba Mungu. Maji yake hutoka chini kabisa ya ziwa lililo nyuma ya bwawa, baridi ya kuuma mifupa mwaka mzima, ndiyo maana trauti wanaishi humo katika nchi ambayo kiangazi chake kingewapika. Na hupanda pale mitambo ya umeme inapofunguliwa. Watu wa mjini wakihisi baridi wakawasha hita, mtoni maji yanakuja. Ndiyo sababu wavuvi wa milima hiyo ya Ozark hupiga simu bwawani kabla ya kuvaa viatu, wakasikiliza sauti ya mwanamke iliyorekodiwa ikiwaambia ni mitambo mingapi itafunguliwa na saa ngapi, kisha ikamaliza kwa kusema kwamba ratiba hubadilika bila taarifa. Kuna king'ora pia, lakini penye kona wanapovua akina Hatchett king'ora husikika upepo ukipenda.

Ndipo watu wa kona ile wakajiwekea desturi yao. Wawili hawaingii majini wakasimama sambamba. Mmoja husimama juu, ameelekea bwawa. Mwenzake husimama chini, amempa mgongo na kuvua bila wasiwasi. Wa juu akitaka avue, asitake asivue, lakini yeye ndiye macho. Akisema "Maji," wa chini haulizi ni mengi kiasi gani, hamalizii kurusha, hageuki kutazama. Hukata mshipi akatoka. Hata watu wasiosalimiana hutiiana katika hilo. Inasemekana Dub Castleberry, mwenye gati la boti, aliwahi kumdanganya shemeji yake kwa neno hilo ili achukue shimo lenye samaki. Mwaka mzima hakupata mtu wa kuvua naye, na mkewe akakaa upande wa kakake.

Katika familia ya Hatchett, wa juu alikuwa Oleta. Hakuwa na haja kubwa na samaki. Alishika ufito wake wa kuvulia kwa adabu tu, akasimama kwenye maji ya magoti akisimulia habari za watu kwa sauti inayofika hadi chini, na jicho lake halikubanduka bwawani.

Asubuhi ya siku yenyewe theluji nyepesi ilikuwa ikianguka na kuyeyuka kabla haijagusa boneti ya gari. Retha alipiga simu bwawani. Ile sauti ikasema hakuna mtambo mpaka alasiri. Pale kwenye mteremko wa boti walimkuta Dub anachota barafu kutoka kwenye boti yake kwa sufuria.

"Umeleta mlinzi, Verlon?" Dub akauliza.

"Nimeleta dereva."

"Afadhali. Wewe ukiendesha, hata kuku wa bonde hili hulala ndani."

Retha akacheka. Verlon alijua kwamba hapo yeye pia hucheka, akacheka. Dub akasema dagaa wa ziwani wamekufa kwa baridi na wanapita kwenye mitambo kila inapofunguliwa, na trauti wakubwa, wale wa rangi ya kahawia, wamekuwa wakiwangoja chini kama watu kwenye foleni ya harusi. Akawapa vyambo viwili vyeupe vya manyoya alivyovifunga mwenyewe. Alipomkabidhi Verlon chake, alimshika bega muda kidogo, kisha akarudi kwenye barafu yake.

Ukingoni walivaa suruali zao za mpira zifikazo kifuani. Verlon alifunga kamba za viatu kwa kuzitazama, maana vidole vya miguu havikuwa vikimpa jibu lolote. Ndipo likaja swali ambalo wote wawili walikuwa wamelikwepa njia nzima: nani asimame juu. Retha alisema atasimama yeye.

"Ukisimama wewe," Verlon akasema, "tumekuja kufanya nini?"

"Kuvua."

"Umekuja kunitazama, mwanangu. Nitazame basi, lakini nikiwa mahali pa kazi."

"Baba, mama alikuwa akiyahisi maji kwa miguu kabla hujayaona. Wewe miguu hiyo huna."

"Macho ninayo."

Retha ana paji la uso la mamake, hukunja mikunjo miwili akiwa anapima jambo. Mwishowe alichukua fimbo ya kutembelea majini akamtia babake mkononi, akasema sawa, wewe ndiye macho. Akateremka kwenda chini, na alipofika mahali pake alimpa mgongo bila kugeuka hata mara moja. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Aliyesema sawa amesema.

Verlon aliingia vizuri. Aliuweka kila mguu kwa macho, akaupima kwa fimbo, hakuuhamisha wa pili mpaka alipohakikisha wa kwanza umekaa. Kulikuwa na mfereji wenye kina karibu na ukingo, na baada yake kipandio kipana cha changarawe ambapo Oleta alikuwa akisimama. Akakifikia. Retha, ambaye bila shaka alikuwa akihesabu kila mchakacho wa mawe nyuma yake, akainua mkono juu bila kugeuka, kidole gumba kimesimama. Verlon aliiona ishara ile. Akawaza kwamba hapa ndipo furaha inapotakiwa kuwa. Akapangusa pua.

Jua likatoka. Upepo wa kusini ukaleta joto la ghafla, mpaka vijidudu vyeusi vikaanza kuchomoza juu ya maji na trauti wadogo wakavidonoa. Akavua mmoja, wa aina iitwayo upinde wa mvua, mrefu kama kiganja na nusu. Akamtazama akipumua ndani ya wavu. Akamwachia. Baadaye wingu likaziba jua, upepo ukanyamaza, kisha ukarudi umegeuka, sasa unatoka kaskazini, na punje za barafu zikaanza kugonga kofia yake.

Mtu yeyote wa bonde lile anajua maana yake. Machi ikigeuka ghafla hivyo, kuanzia Springfield mpaka Little Rock kila mtu anaikimbilia hita, na bwawa huwaitika. Ratiba ya asubuhi inakuwa hadithi. Verlon alilijua hilo jinsi anavyolijua jina lake. Akawaza, sasa watafungua. Akalisikia neno hilo likipita kichwani kama habari ya redio kuhusu nchi ya mbali.

King'ora kililia. Upepo ulikiviringisha ukakipeleka mlimani, lakini ncha yake ilimfikia, na alijua si mlio wa lori.

Majani makavu ya mwaka jana yakaanza kupita, yale yaliyokuwa yamekauka juu ya mawe ya ukingo, ikimaanisha kwamba mawe yale sasa yalikuwa chini ya maji. Povu likafuata katika mistari. Pale juu, penye mawe ambapo mto hupiga kelele mchana kutwa, kelele ikapungua, maana maji yalikuwa yameshayafunika. Yote hayo aliyaona na kuyasikia moja baada ya jingine, kwa mpangilio aliofundishwa na babake. Maji yalikuwa magotini alipoingia. Sasa yalikuwa mapajani, na hilo alilijua kwa kulitazama tu.

Hakutaka kufa. Ni vizuri hili lisemwe wazi, maana watu hupenda kuyafupisha mambo. Hakuwa akimfikiria Oleta wala mbingu. Alikuwa amesimama, na kuondoka kulihitaji ainue mguu mmoja, halafu mwingine, na hakuona sababu ya kuanza. Dagaa wa kwanza aliyekufa akapita, mweupe, tumbo juu, akizunguka taratibu. Verlon akamfuata kwa macho mpaka alipopotea.

Chini, Retha alicheka.

Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeshtuliwa na bahati. Ufito wake ulikuwa umepinda mpaka mpini, mshipi unakatiza mto kuelekea ng'ambo, na huko mgongo wa kahawia ukapasua maji, mpana kama paja la mtu, ukazama tena. Samaki wa namna ile mtu humpata mara moja maishani, na wengine hufa bila kumpata. Retha akapiga hatua kuelekea katikati ili amfuate, kisha nyingine, mgongo wake kwa babake, maji yanamfika kiunoni, na alikuwa bado anacheka. Hakutazama nyuma. Kwa nini atazame, na juu yuko baba?

"Maji!" Verlon akaita.

Sauti yake ilimtoka vibaya, mbichi. Lakini alichokiona baadaye hakikumtoka tena machoni. Retha hakusita. Kicheko kilikatika katikati, mkono wake ukaenda kwenye kisu kifuani, ukaukata mshipi, ufito ukanyooka tupu, naye akageukia ukingo na kutembea. Samaki wa maisha yake alimwachia kwa neno moja, bila kugeuka kuhakikisha neno hilo lina ukweli gani.

Yeye alitoka bila taabu. Mwenye taabu alikuwa Verlon, maana ule mfereji wa ukingoni sasa ulikuwa mto wa peke yake. Alitia fimbo, ikatetemeka. Aliutia mguu mahali alipodhani pana changarawe na hapakuwa na kitu, akaenda upande, maji yakamlamba kwapa. Retha alikuja mbio juu ya ukingo, akalala kifudifudi kwenye matope, akamnyooshea ule ufito upande wa mpini. Akaushika. Akavutwa kama gogo. Walilala pale wote wawili wakihema huku barafu ikiwagonga migongoni, na mahali aliposimama Verlon hapakuwa na alama tena, maji matupu ya kijani yanakwenda kasi.

Ndani ya gari Retha aliwasha hita mpaka mwisho. Alikuwa akitetemeka na kuongea kwa pamoja, kama watu wanavyoongea wakishaokoka. Alisema amekosea. Alidhani bila miguu babake angekuwa kama nyumba bila taa, kumbe macho yanatosha, sauti inatosha. Alisema kuteleza kule si kitu, yeye mwenyewe angeteleza. Alisema atamwambia daktari, atamwambia na kaka yake aliyeko Tulsa, na kwamba Dub aombwe awe anaingia naye majini siku za kazi. Akamimina kahawa kwenye kikombe cha chupa ya kutunzia joto, akampa yeye kwanza.

"Umeshinda, mzee. Unabaki nyumbani kwako. Ila kila nitakayemsimulia habari za yule samaki, nitamwambia kwamba wewe ndiye uliyenifukuzia."

Verlon alikishika kikombe kwa mikono miwili. Kufunika kombe mwanaharamu apite, hilo lilikuwa jambo jepesi kabisa. Hakuna aliyekuwepo. Na kwa desturi ya mto, wa juu haulizwi aliona lini. Retha asingeuliza siku zote za maisha yake. Alikitazama kile kipande cha mshipi kilichokatwa, kikining'inia kwenye ncha ya ufito kati ya viti vyao.

"Nilijua mapema," akasema.

"Mapema vipi?"

"Tangu barafu ilipoanza. King'ora nilikisikia. Majani niliyaona, na povu."

Retha akapunguza hita ili amsikie vizuri. "Ulikuwa unafanya nini?"

"Nimesimama."

"Umesimama." Mikunjo miwili ikatokea kwenye paji la uso, ikakaa. "Baba, mimi nilikuwa chini yako."

"Najua."

"Nimekupa mgongo."

"Najua, mwanangu. Ulipocheka ndipo nikakukumbuka."

Hakulisema kwa ukatili. Alilisema kwa sababu ndilo lililotokea, na kwa sababu yule mtu aliyekata mshipi bila kugeuka alistahili kuambiwa alikuwa akimwamini nani. Akaendelea, polepole, akitafuta maneno kama anavyotafuta mawe kwa fimbo. Alisema miguu si kitu, miguu angeizoea. Alisema kama Retha asingekuja leo, yeye angeingia peke yake kesho au keshokutwa, na maji yangekuja, na angeyaona yakija tangu mbali, na asingeinua mguu. Si kwamba anataka kufa. Hataki chochote.

"Tangu mama?"

"Tangu mama. Usiniache hapa, Retha. Nitakuja kwenye hicho chumba chako."

Retha alifungua mlango akashuka, akaenda kusimama mbele ya gari katika ile barafu, bila kofia, amemgeuzia kisogo. Mabega yalianza kumtikisika. Verlon alimwona kupitia kioo. Alijua kwamba hapo ndipo moyo wa mtu hupasuka, akangoja upasuke. Waipa za kioo zilikwenda zikarudi. Hakikuja kitu, si uchungu wala aibu, ile ganzi tu aliyoizoea.

Basi akaweka kikombe chini, akafungua mlango wa upande wake. Akautazama mguu wa kulia mpaka ukakanyaga ardhi, akautazama wa kushoto ukakanyaga, akashika boneti ya gari na kwenda kwa binti yake, hatua kwa hatua, kama mtu anayepeleka mzigo kwa niaba ya mwenyewe asiyekuwepo. Alipomfikia alimkumbatia. Mikono yake ilikumbuka inavyofanywa. Retha alimlilia kifuani kwa muda mrefu, naye alisimama imara akimshika, mmoja akilia kwa niaba ya wawili.